Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Daktari Aulizwe

(Mazungumzo ya redioni ya juma lililopita, yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na maana nzuri. Mtu aliyelala kitandani siku kadhaa hana haja ya kuulizwa kama anataka uji au hataki. Anapikiwa, anapewa, basi. Methali hii imewaokoa wagonjwa wengi. Lakini leo nataka kukusimulia jinsi methali hiyo hiyo ilivyokaribia kumwua dada yangu mkubwa.

Dada alipata uvimbe katika taya la chini. Ulianza mdogo kama punje ya harage, hauumi wala hauwashi. Kwa kuwa hauumi, hakwenda hospitali. Meno mawili yalipolegea akayang'oa. Akatumia dawa za miti shamba, akachanjwa, akaombewa. Miaka minne ikapita. Siku alipokubali kwenda kupimwa, uvimbe ulikuwa mkubwa kama chungwa na uso umekwenda upande. Madaktari walipiga picha, wakachukua kinyama kidogo wakakipima, jibu likaja: ni uvimbe unaoitwa ameloblastoma.

Uvimbe huu unaonekana sana katika Afrika. Kwa kawaida si saratani, yaani hausambai mwilini ovyo ovyo. Lakini unakula mfupa wa taya polepole, na ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Kwa hiyo, ukiwa mkubwa, dawa yake ni kukata kipande cha taya chenye uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa mzima pembeni yake. Wako pia wagonjwa wanaokatwa taya, ulimi au sehemu ya koo kwa sababu ya saratani yenyewe, na wengine kwa sababu ya ajali za barabarani au risasi. Wote hao wakishakatwa wanabaki na pengo. Na pengo la usoni si kama pengo la pajani. Hapo ndipo tunapotafunia, tunapomezea, tunaposemea, tunapopumulia. Hapo ndipo watu wanapotutambua.

Basi madaktari huziba pengo hilo kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Ziko njia kadhaa. Iko njia ya kuvuta nyama ya kifuani ikapitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi mdomoni, huku ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake ya damu. Iko njia ya kutumia sahani ya madini ya titani pamoja na mfupa uliochongwa nyongani. Na iko njia kubwa zaidi, ambayo ndiyo aliyofanyiwa dada: walichukua kipande cha ule mfupa mwembamba wa mguuni, chini ya goti, pamoja na ngozi yake na mishipa yake ya damu, wakakikata kwa kipimo cha taya, wakakipandikiza usoni. Usishangae. Mguu chini ya goti una mifupa miwili, na ule mnene ndio unaobeba uzito wa mwili. Madaktari huacha ncha ya juu na ncha ya chini ya mfupa mwembamba ili goti na kifundo visiyumbe, na mtu anatembea kama kawaida baada ya kupona.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuunga mishipa ya damu. Mishipa hiyo ina upana wa milimita mbili au tatu hivi. Inashonwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Dada aliingia chumba cha upasuaji asubuhi na mapema, akatoka usiku. Sisi tulio nje tulipoambiwa amemaliza salama, tulimshukuru Mungu, tukakumbatiana, tukadhani kazi imekwisha.

La hasha! Kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na nusu yake ilikuwa ni ya kwetu sisi. Hilo ndilo neno nililokuja nalo leo. Daktari bingwa anaweza kujenga taya jipya kwa saa kumi na mbili, na ndugu wenye mapenzi makubwa wakalibomoa kwa kijiko kimoja.

Hebu tutazame kwanza siku tatu za mwanzo. Nyama iliyopandikizwa ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni. Unaweza kushika, unaweza kunyauka, na dalili zake huonekana mapema. Ndiyo maana utamwona muuguzi anakuja kila saa, mchana na usiku, anamulika mdomoni kwa tochi, anagusa ile nyama kwa kidole, anaandika kwenye karatasi. Usifikiri anamsumbua mgonjwa. Anatazama rangi na joto. Nyama ikipauka na kuwa ya baridi, huenda damu haiingii. Ikiwa ya zambarau na kuvimba, huenda damu inaingia lakini haitoki. Matatizo mengi ya namna hiyo hutokea ndani ya siku mbili au tatu za kwanza, na yakigunduliwa mapema mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji na nyama inaokolewa. Yakigunduliwa asubuhi wakati yalianza usiku, mara nyingi nyama inakuwa imekufa. Katika hospitali zenye uzoefu wa kazi hii, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 nyama yao inashika. Siri kubwa ni huko kukesha.

Sasa mgeni wa kutazama mgonjwa afanye nini? Kwanza, asimgeuze shingo wala kumwekea mto wa nyumbani. Mishipa iliyoungwa inapita shingoni, na shingo ikikunjwa au kubanwa, damu inasimama. Hata kamba inayofungia bomba la kupumulia haitakiwi kukaza. Asivae mkufu, asifungwe kitambaa shingoni. Pili, asivutiwe sigara karibu, na yeye mwenyewe asivute hata moja. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ile iliyoungwa ndiyo ya kwanza kuumia. Ugoro nao ni tumbaku ile ile. Tatu, tusimjazie watu kumi kitandani. Anahitaji usingizi, na kila mkono unaomgusa una vijidudu vyake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Ukija kumwona, mwone, mpe pole, ondoka.

Jambo la pili ni pumzi. Wagonjwa wengi wa upasuaji huu hutobolewa tundu la kupumulia mbele ya shingo, likawekwa bomba, kwa kuwa mdomo na koo huvimba. Mtu mwenye bomba hili hawezi kutoa sauti, maana hewa haipiti kwenye koo la sauti. Dada yangu aliposhindwa kusema, mama alianza kulia akidhani wamemkata ulimi wote. Kumbe ni bomba tu. Tulimletea daftari na kalamu. Siku hizi wengine huandika kwenye simu ya mkononi. Neno la kwanza aliloandika dada lilikuwa "maji", na la pili "watoto wamekula?" Kwa hiyo nakuomba, ukienda kumwona mgonjwa wa namna hii usipaze sauti kama unaongea na kiziwi. Hasemi, lakini anasikia kila kitu, pamoja na yale mnayonong'ona mlangoni.

Wengi huondolewa bomba hilo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wachache hurudi nalo. Kama mgonjwa wako ni mmoja wao, usikubali kuondoka wodini kabla muuguzi hajakufundisha, na wewe ukafanya mbele yake, jinsi ya kutoa bomba la ndani, kuliosha na kulirudisha. Makohozi hukauka ndani yake kama gundi na kuziba. Mgonjwa akikoroma, akihangaika, akitoa jasho, mikono ikienda shingoni, kitu cha kwanza ni kutoa lile bomba la ndani na kulisafisha. Asipopata nafuu pale pale, ni hospitali, hata kama ni saa nane za usiku. Mbele ya tundu weka kitambaa chepesi na safi kuzuia vumbi na inzi. Aoge kwa kupanguswa, maji yasiingie tunduni. Ziwani na baharini asikaribie.

Sasa nakuja kwenye uji.

Mdomo ukishashonwa kwa ndani, mshono ule unahitaji kukauka bila kuguswa na chakula. Mara nyingi ni juma moja hadi majuma mawili, na kwa aliyewahi kupigwa mionzi huwa zaidi. Kwa muda huo mgonjwa hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Siku ya sita, shangazi yetu alifika kutoka shamba. Alimkuta dada amekonda, mpira puani, midomo imekauka. Moyo ukamwuma, kama ambavyo ungemwuma mtu yeyote. Akafungua chupa ya chai aliyokuja nayo, uji wa ulezi wenye maziwa, bado wa moto.

Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Tafadhali usimpe, daktari amekataa."

"Marahaba. Daktari gani huyo anayemnyima mtu uji?" akaniuliza. "Nyinyi watoto wa mjini mtaua mwenzenu kwa njaa."

Sikuwa na nguvu ya kubishana na shangazi. Nikatoka kwenda kununua dawa. Niliporudi, dada alikuwa amemeza vijiko vitano, na shangazi anafurahi. Siku mbili baadaye bandeji ya shingoni ililowa maji meupe. Ilikuwa ni mate na uji. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, na kilichoingia mdomoni kilikuwa kinatokea shingoni, pale pale mishipa ilipoungwa. Mate yana vijidudu na yana nguvu ya kuozesha. Yakiigusa mishipa ile kwa siku nyingi, huweza kuharibu kazi yote, na hata kupasua mshipa mkubwa wa damu. Dada alikaa hospitali majuma matatu zaidi. Alirudishwa chumba cha upasuaji kusafishwa. Mungu ni mwema, nyama yake haikufa.

Sitaki kumlaumu shangazi. Mshono wa namna hii huweza kuachia hata bila uji, na hakuna daktari aliyekaa naye akamweleza. Wala mimi niliyeelezwa sikumweleza kwa lugha ya kueleweka. Nilisema tu "daktari amekataa". Laiti ningemwambia, "Shangazi, ndani ya mdomo kuna kidonda kibichi kilichoshonwa, uji ukipita unatokea shingoni," nina hakika angeifunga chupa yake mwenyewe. Kumkataza mtu bila kumpa sababu ni kama kumfungia mlango bila komeo.

Tuseme basi jinsi ya kumlisha mgonjwa kwa mpira, maana wengine hurudi nao nyumbani. Kwanza nawa mikono. Mketishe, au mwinue kwa mito mpaka awe ameegemea nusu kukaa. Kamwe asilishwe akiwa amelala chali, kwa kuwa chakula kitarudi na kuingia kwenye mapafu. Tazama alama iliyowekwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Kama alama imesogea nje, au mgonjwa anakohoa na kuhema, usimlishe. Rudi hospitali wautazame. Kama iko sawa, pitisha kwanza maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Kisha mimina chakula cha vuguvugu kwenye bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, uliinue juu, ukiache kishuke chenyewe polepole. Usikisukume kwa nguvu. Maliza kwa maji tena ili mpira usizibe. Abaki ameketi kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima.

Na chakula chenyewe? Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa upande mwingine. Kwa kuogopa mpira kuziba, wanampa maji ya uji, chai ya rangi na soda. Mgonjwa anashiba maji huku kidonda hakina cha kujengea. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa anahitaji kiasi cha kalori 1,800 kwa siku, na utomvu wa kujenga mwili kwa wingi kuliko mtu mzima wa afya. Hizo hazipatikani kwenye chai. Uji uwe mwepesi lakini wenye mali ndani yake: maziwa, unga wa karanga uliosagwa laini, yai lililopikwa na kusagwa, mafuta kidogo ya kula, maharage au dagaa waliopikwa, wakasagwa kwa blenda au kinu na kuchujwa kwa chujio la chai au kitambaa safi. Mpe kidogo kidogo, mara sita au nane kwa siku, kwa kipimo ulichopewa hospitali. Kilichobaki kisilale nje kwa joto letu hili la Dar es Salaam mpaka jioni. Mpime uzito kila juma. Kilo zikishuka mfululizo, mwambie daktari hata kama mgonjwa anasema hajambo.

Siku daktari atakaposema sasa anaweza kumeza, bado usikimbilie wali. Ataanza na maji kwa kijiko, kisha vitu laini, huku ameketi wima. Kumeza ni kazi anayojifunza upya. Ile nyama ngeni mdomoni haina ladha wala hisia kama ulimi. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa ya majimaji, simamisha. Huenda chakula kinakwenda njia isiyo yake.

Kinywa nacho kioshwe. Ukipewa ruhusa, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. Asukutue taratibu baada ya kila chakula na kabla ya kulala. Usimpe dawa za kusukutua zenye pombe, zitamchoma na kumkausha. Usiweke asali, majivu wala unga wowote wa dawa kwenye mshono, hata kama jirani amekuapia kwamba ulimponya mtu.

Baada ya vidonda kufunga huja kazi ya mazoezi, na hii ndiyo watu huidharau sana. Taya lililolala huganda. Mtu mzima wa kawaida hufungua mdomo kwa upana wa vidole vyake vitatu vilivyopangwa juu kwa juu. Aliyekatwa taya, na hasa akipigwa mionzi, mdomo hujifunga kidogo kidogo mpaka kijiko hakipiti. Daktari akisharuhusu, afungue na kufunga mdomo, asogeze taya kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku. Wengine hufundishwa kutumia vijiti bapa kama vile vya aiskrimu, vilivyopangwa pamoja na kuingizwa kati ya meno, kila juma kikiongezwa kimoja. Akitolewa tezi za shingoni, bega huweza kulegea kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoliendesha hupita humo. Asimame mbele ya ukuta, atembeze vidole kupanda juu kama buibui, kila siku hatua moja zaidi. Na mguu uliotoa mfupa nao uamshwe kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi. Vidole vya mguu vikiwa baridi au vikifa ganzi, atoe taarifa.

Kama ugonjwa ulikuwa saratani, mgonjwa anaweza kupelekwa kwenye tiba ya mionzi, kama inavyotolewa pale Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mara nyingi inatakiwa ianze ndani ya majuma sita hivi baada ya upasuaji. Nawasihi ndugu, msiichelewesha kwa kusubiri apate nguvu kwanza, au sikukuu ipite, au mahindi yavunwe. Saratani haisubiri mavuno. Kabla ya mionzi, meno yakaguliwe na mabovu yang'olewe mapema. Baada ya mionzi mate hupungua, meno huoza upesi, na mfupa wa taya hupoteza nguvu ya kupona. Kwa hiyo mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya taya, hata ikipita miaka 10, asing'oe jino mahali popote bila kumweleza daktari wa meno habari hiyo. Jino moja likitolewa ovyo linaweza kuacha kidonda kisichofunga na mfupa unaooza.

Ziko dalili ambazo hazina mjadala. Zikate uzibandike ukutani. Damu ikitoka shingoni au mdomoni, hata kidogo na hata ikikoma yenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu kidogo ya leo huweza kuwa onyo la damu nyingi ya kesho. Ikitoka kwa nguvu, gandamiza kwa kitambaa safi kwa mkono wako wote, usiachie kuchungulia, mkimbizeni. Kushindwa kupumua, mate au chakula kutokea shingoni, homa, usaha, harufu mbaya mpya, nyama iliyopandikizwa kubadilika rangi, uvimbe mpya: zote hizo ni safari ya hospitali, wala si habari ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Ndugu msikilizaji, nimezungumza habari ya shingo, mdomo na mguu. Nimalizie na macho, na hapa nina maana ya macho yetu sisi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Harold Gillies, aliwatengenezea nyuso askari walioumizwa na risasi na mabomu. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1917 huko Sidcup, karibu na London, na humo walitibiwa zaidi ya askari 5,000. Inasimuliwa kwamba vioo vya kujitazamia vilipigwa marufuku wodini, na kwamba njiani kuelekea mjini baadhi ya mabenchi yalipakwa rangi ya buluu, ili wapita njia wajue kwamba aliyekaa pale ana uso wa kutisha, wasishtuke. Fikiria mwenyewe. Mtu ametoa uso wake kwa ajili ya nchi yake, na nchi inampa benchi la rangi.

Vita vya Pili vilipokuja, jamaa yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua moto katika mji mdogo wa East Grinstead. Yeye alifanya kinyume. Aliwatuma wagonjwa wake mjini wakiwa bado na nyuso nusu zilizoshonwa, waende kwenye sinema, waende kwenye vilabu vya bia. Na aliwaomba watu wa mji wawapokee, wazungumze nao, wasiwakodolee macho. Watu wakakubali. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaanzisha chama chao, wakajiita kwa mzaha panya wa majaribio, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. Mji ule hadi leo unakumbukwa kama mji usiokodoa macho. Upasuaji wa madaktari hawa wawili ulitoka katika shule moja. Tofauti waliileta majirani.

Dada yangu aliporudi nyumbani, alikaa ndani miezi miwili. Kanga alijifunika mpaka machoni. Watoto wa mtaani walikuwa wanachungulia dirishani. Mwanamke mmoja alikuja akamwuliza mbele ya watu kama amelipiziwa na nani. Dada aliacha kula kwa siku mbili baada ya swali hilo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya damu.

Aliyemtoa ndani alikuwa ni shangazi yule yule wa uji. Hakumwambia maneno mengi. Asubuhi moja alimfuata chumbani akasema, "Mwanangu, mimi macho yangu hayaoni vizuri, twende sokoni ukanichagulie nyanya." Wakaenda. Muuza nyanya aliyemjua dada tangu zamani alimtazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Karibu mama. Umepotea sana. Nyanya zimepanda bei." Dada anasema hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyoambiwa tangu augue. Hakupewa pole wala hakushangaliwa. Alitajiwa bei, kama mtu mwingine yeyote. Leo anauza vitenge, na akicheka uso huenda upande kidogo. Tumeuzoea. Ni uso wake.

Basi nawaomba watu wa mijini mnaonisikia, ninyi ambao hospitali kubwa ziko karibu yenu na wagonjwa kutoka mikoani hufikia sebuleni kwenu. Kabla ya kumtoa mgonjwa wodini, uliza mambo matano, uyaandike: ale nini na kwa njia ipi, kidonda kisafishwe vipi, mazoezi gani na lini, dalili zipi za kumrudisha, na nipige simu kwa nani. Kisha waiteni ndugu wote, wa mjini na wa shamba, muwaeleze kwa sababu zake. Gawaneni zamu, maana anayeuguza peke yake naye huugua. Mwenye gari achukue siku za kliniki, mwenye blenda achukue uji, na asiye na kitu akae naye jioni amsomee gazeti.

Mgonjwa haulizwi uji, sawa, methali tuiache ilivyo. Lakini kabla ya kufungua chupa, daktari aulizwe. Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.